Rangi Chini ya Boneti

"Hivi jirani, gari nalo huwa linafiwa?"

Aliyeuliza alikuwa Sindano, mshonaji wa nyumba ya pili, siku moja asubuhi akiwa ameegemea ukuta unaotenganisha nyua zao, pini tatu kazibana midomoni. Aliuliza kama mtu anayeulizia saa, na pengine alitaka tu kuchekesha. Lakini Mama Tochi, aliyekuwa akipangusa vumbi kwenye boneti, alisimama na kitambaa mkononi akalitazama. Gari lilikuwa mbele yake, rangi ya maziwa, taa zake mbili za duara zikimkodolea macho, bampa la nikeli likimrudishia sura yake ikiwa imevutika upande. Lilikuwa na umri wa miaka arobaini na ushee. Mumewe alilinunua tayari likiwa kuukuu, akalitunza mpaka kifo kilipomtoa kwenye usukani. Baada yake lilikwenda mwaka mzima, Mama Tochi akiliendesha, bila kulalamika. Kisha Jumatatu moja likagoma kuwaka, na sasa lilikuwa na miezi kumi na minne bandani.

"Halikufiwa," alijibu hatimaye. "Liliharibiwa."

"Na nani?"

"Unamjua."

Sindano alizitoa pini midomoni, akazichomeka kifuani mwa gauni lake. Alimjua. Mtaa mzima ulimjua.

Alikuwa Fundi Cheche, mdogo wake marehemu, mtu aliyezeekea katika umeme wa magari kiasi kwamba ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi hata siku za sikukuu. Ijumaa ile, siku tatu kabla ya gari kugoma, ndiye aliyekuja kubadilisha waya za plagi zilizokuwa zimekauka. Alifanya kazi saa nzima peke yake, akaliwasha, likanguruma, akanawa mikono akaenda zake. Na wiki chache nyuma aliwahi kusema mezani, nusu utani, kwamba gari la kaka yake likimchosha shemeji basi yeye yupo, atalipokea kwa mikono miwili. Mama Tochi aliyachukua mambo hayo mawili akayafunga pamoja. Ndugu walipokusanyika kumkumbuka marehemu, aliinuka mbele yao, sauti ikiwa imara, akasema: "Muulizeni huyu alichokifanya ndani ya gari la kaka yake."

"Shemeji, mimi?" alisema Fundi Cheche. Mara moja tu. Halafu watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, na hakuna aliyesikia kama aliongeza neno.

Maneno hayo hayakubaki pale sebuleni. Yalitoka na wageni, yakapanda magari nao, yakashuka nao vituoni. Haikupita miezi miwili ikawa inasemwa kwamba Fundi Cheche akikutengenezea gari hukuachia hitilafu ndogo makusudi, ili urudi. Kwa fundi, hilo ni sawa na kumwambia mpishi kwamba anatia sumu chunguni. Foleni iliyokuwa ikijipanga mbele ya karakana yake ilikatika. Mama Tochi alisikia, akasema moyoni kwamba Mungu halali. Alikuwa mwanamke wa sala, hakosi, hachelewi, na watu wa sala wana hatari hii moja: wakikasirika, hudhani hasira yao imetumwa.

Mafundi wengine watatu waliletwa. Wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili alibadilisha stata, ile mota inayoizungusha injini ipate kuwaka. Wa tatu alikuna kichwa, akalizunguka gari mara mbili kama anayetafuta mlango, akasema mama, hiki ni chuma tu sasa. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alisema vivyo hivyo kwenye simu. "Mama, toa hicho chuma, hapo bandani tupate chumba." Mama Tochi alibisha, akachoka, akakubali. Lori la mnunuzi wa vyuma chakavu lingekuja Jumamosi.

Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya asubuhi, aliifungua boneti mwenyewe.

Hakuwa na nia ya kulitengeneza. Nia yake aliijua vizuri, na kama angeulizwa asingeificha: alitaka kuuona kwa macho yake waya uliokatwa. Kama gari lilikuwa halina budi kuondoka, basi lisiondoke na ushahidi ndani yake. Alitaka siku moja aweze kusema, ni huu hapa, niliushika kwa mkono wangu.

Shule yake iliishia darasa la saba, na hakuna aliyewahi kumfundisha ufundi. Lakini kwa miaka thelathini alikuwa amewashikia tochi ndugu wawili. Mumewe alikuwa seremala, asiyemwamini mtu yeyote na gari lake isipokuwa mdogo wake. Na kila jioni walipoingiza vichwa chini ya boneti, wakibishana, wakisukumana viwiko, yeye ndiye aliyesimama pembeni na mwanga. "Tochi juu kidogo. Tochi kushoto. Tochi, umelala?" Ndivyo jina lilivyomganda. Anayeshika tochi hana la kufanya ila kutazama, naye alitazama. Alijua umeme unatoka betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unafika kwenye koili inayoupa nguvu, unaingia distributa inayougawa, unamalizikia kwenye plagi ambako unapiga cheche na kuyawasha mafuta. Hakuwa ameyasoma hayo popote. Aliyaona tu yakielekezwa na kidole cheusi cha shemeji yake.

Akaanza betri. Alishika kila waya kwa vidole viwili, akaufuata taratibu kama anayechambua mchele, mpaka mwisho wake. Hakuna uliokatwa. Alivuta kila kiungo kuona kama kimelegea. Hakuna kilicholegea. Zile waya za plagi alizoziweka Fundi Cheche zilikuwa zimepangwa vizuri mno, kila moja katika kishikizo chake, haigusi chuma cha moto wala haisuguani na mwenzake. Mtu anayetaka kuharibu hapangi hivyo. Wazo hilo lilimjia, akalisukuma kando kama nzi.

"Sindano!" aliita. "Njoo unizungushie ufunguo."

"Mimi? Likilipuka?"

"Likilipuka tutakwenda wote. Njoo."

Sindano aliruka kizingiti na futi yake ya kupimia shingoni, akaketi kwenye kiti cha dereva, akajirekebisha mbele ya kioo. "Nimependeza. Ningezaliwa tajiri ningekuwa hivi kila siku."

"Washa taa kwanza."

Taa za mbele ziliwaka, nyeupe, kali.

"Sasa vuta choki, kile kishikio kidogo kushoto. Kisha zungusha ufunguo."

Tk. Taa zilififia zikawa za njano kama kiini cha yai, injini haikutikisika. Tena. Tk. Mama Tochi alitega sikio. Betri ilikuwa mpya, stata mpya, taa zilionyesha nguvu ipo. Nguvu ilikuwa ikitoka. Sasa ilikwamia wapi?

"Mara ya tatu," alisema. "Shikilia, usiachie upesi."

"Mama wee!" Sindano alitoka nje ya gari kama aliyeumwa na siafu, akipulizia vidole. "Kishikio kinachoma! Jirani, hiki kitu kimepata moto!"

"Kipi?"

"Hicho cha kuvuta! Nilikwambia litalipuka, hukusikia!"

Mama Tochi aliinama. Kutoka kwenye ule waya mwembamba wa choki, unaotoka ndani ya gari na kwenda kufungwa kwenye injini, uzi wa moshi ulikuwa ukipanda. Alisogeza kiganja karibu, akakirudisha. Ulikuwa wa moto kweli.

Akabaki ameduwaa. Waya wa choki si waya wa umeme. Ni chuma tu cha kuvutia, kama kamba ya kengele. Kazi yake ni kuziba hewa ili injini baridi ipate mafuta mazito. Umeme una kazi gani huko?

Ndipo alipokumbuka jioni moja ya zamani sana, mvua ikigonga bati la banda, Fundi Cheche akiwa bado kijana mwenye nywele. Kulikuwa na gari la mtu lenye ugonjwa kama huu, na mumewe alikuwa amekasirika akitaka kung'oa kila kitu. Fundi Cheche alicheka. "Kaka, umeme hauendi tu. Unakwenda na kurudi. Ukishafanya kazi kwenye injini lazima urudi betri, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari. Ukiona kitu kisicho cha umeme kinachemka, ujue njia imezibwa, na umeme unapita dirishani." Kisha akageuka kwake. "Umesikia, shemeji? Siku tukifa sisi, utawatengenezea wajukuu." Walicheka wote watatu.

Alikwenda kwenye buti akatoa waya mnene wa kuazimana chaji. Aliubana upande mmoja kwenye ncha hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini.

"Zungusha."

"Kwa mkono gani? Huu umeungua."

"Una miwili, Sindano."

Ufunguo ulizungushwa. Injini ilikohoa. Ikazunguka, ikazunguka tena, ikameza mate ya miezi kumi na minne, na kwa ghafla ikashika. Vumbi liliruka kutoka kwenye feni. Kopo la misumari lilitikisika likaanguka rafuni. Sindano alipiga kigelegele kilichowatoa kuku uani, akawa anapiga honi bila mpango, akipaza sauti, "Limefufuka! Limefufuka jamani!"

Mama Tochi hakupiga kigelegele. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Zima," alisema.

Injini ya gari huwa imekalia raba, ili isitikise abiria. Raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kuna utepe wa shaba iliyosukwa, mnene kama dole gumba, unaofungwa upande mmoja kwenye injini na upande mwingine kwenye bodi; mafundi huuita ethi. Alijipinda mpaka kifua kikagusa fenda, akauona. Haukuwa umekatwa. Haukuwa umelegea. Ulikuwa umefungwa barabara kwenye bodi, na bolti yake ilikuwa imekazwa vizuri sana. Alichukua spana akaifungua. Akautoa utepe. Chini yake, pale ambapo shaba ilipaswa kulalia chuma, palikuwa na rangi. Nyeusi, laini, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Aliijua rangi ile. Aliichagua mwenyewe dukani.

Ilikuwa Jumamosi ile, siku moja baada ya Fundi Cheche kuondoka. Alitaka ndugu watakapokuja wakute gari la marehemu limetakata mpaka ndani. Alisugua kutu, akapiga rangi mkono wa kwanza, ukakauka, Jumapili mchana akapiga mkono wa pili. Na kwa sababu hakupenda kazi ya kulipualipua, aliufungua ule utepe, akapaka rangi mpaka kwenye kitako chake, mpaka ndani ya tundu la bolti, asiache hata upenyo wa ukucha. Kisha akaurudisha akaukaza kwa nguvu zake zote. Alikumbuka hata jinsi alivyorudi nyuma hatua mbili kutazama, akajisemea kwamba mumewe angefurahi.

Alikaa juu ya kigoda. Sindano alikuja akasimama karibu naye, akatazama tundu, akatazama uso wake.

"Kuna nini? Limewaka, mbona umekunja sura?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeliharibu ni mimi. Kwa brashi yangu mwenyewe." Akamweleza, kwa maneno machache.

Sindano alilitazama lile tundu tena, akatazama mlango wa banda. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini ingawa bandani hamkuwa na mtu mwingine: "Sikiliza. Kwangua hiyo rangi, funga, basi. Watu wakiuliza, sema fundi mmoja alipita akaona. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nashona sare za shule."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako ameshazoea."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Ameshazoea. Mama Tochi alichukua msasa, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka kwa unga mweusi, ikamwingia kwenye kucha. Alikwangua polepole, duara dogo kwa duara dogo, na kadiri chuma kilivyojitokeza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba jambo la gari lilikuwa limekwisha, tena kwa kazi ya robo saa, na lililobaki lilikuwa kubwa kuliko gari. Akaurudisha utepe juu ya chuma kitupu, akaukaza. Mchana aliposimama kusali alifika mahali pa kuomba msamaha, ulimi ukagoma. Aliomba kwa miezi kumi na minne adhaliliwe aliyemdhulumu. Sasa hakujua aombe nini, maana dua ile sasa ilikuwa inajua njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Hakuogopa kuambiwa mjinga. Kila mtu hukosea rangi. Aliogopa ule uso wa Fundi Cheche siku ile, na sauti yake. Shemeji, mimi?

Alikaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akainuka, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua ufunguo.

"Unakwenda wapi?" Sindano aliuliza kutoka ukutani.

"Karakana."

"Kwa miguu?"

"Kwa gari."

Halafu mlango wa nyumba ya pili ukafungwa kwa kishindo, na Sindano akatokea akivaa viatu huku akikimbia. "Basi mimi nakaa nyuma kama bibi harusi. Na sisemi kitu. Ninaapa, kitu sisemi."

Aliendesha gia ya kwanza na ya pili, taratibu, huku akilisikiliza gari kama anavyosikilizwa mgonjwa anayejaribu kutembea. Injini ilikuwa ikienda kwa kuyumba: inapanda, inazama, inapanda. Watu waligeuka. Wengine walilitambua. Kwenye kona ya mwisho alipunguza mwendo mpaka gari likakaribia kusimama, na Sindano, aliyekuwa ameapa kutosema kitu, alisema, "Geuza tu kama unataka. Mimi sitakucheka."

Hakugeuza.

Karakana ya Fundi Cheche ilikuwa chini ya turubai lililofifia, na meza moja ya mbao iliyoliwa na mafuta. Wateja walikuwa wawili tu kwenye benchi, dereva mmoja wa teksi na mwalimu mstaafu. Fundi Cheche alikuwa ameinamia alteneta, ile mashine inayochaji betri, iliyobanwa kwenye jiriwa. Alisikia mngurumo kabla ya kuona. Aliinua kichwa, miwani yake ikiwa imefungwa kwa uzi nyuma ya masikio, akabaki hivyo, bisibisi hewani. Alikuwa amekonda. Mama Tochi hakuwa amejiandaa kwa hilo.

Alizima, akashuka. Hakuomba waende pembeni.

"Shemeji," alisema. "Gari la kaka yako hukuliharibu wewe. Nililiharibu mimi. Nilipaka rangi chini ya ethi, mikono miwili, nikafunga juu yake. Nimeyaona leo. Nilikusingizia mbele za watu, na leo nakuomba radhi mbele za watu." Akawageukia waliokuwa kwenye benchi. "Nyie mlilibeba lile neno langu. Tafadhali libebeni na hili. Lifikisheni kote lilikofika lile."

Dereva wa teksi alitazama viatu vyake. Mwalimu mstaafu alisafisha koo, akasema kwa upole, "Tumesikia, mama." Nyuma ya kioo cha gari, Sindano alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Fundi Cheche aliiweka chini bisibisi. Alivuta kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Nyeusi. Ya mafuta."

"Ulitoa utepe kwanza, au ulipaka juu yake?"

"Niliutoa. Nilitaka kazi iwe safi."

Kitu fulani kilipita usoni pake, hakikuwa kicheko, lakini hakikuwa mbali nacho. "Na ulijuaje?"

"Waya wa choki ulitoa moshi. Nikakumbuka ulichosema kuhusu dirisha."

Fundi Cheche alilikaribia gari, akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya kuifungua, kama mtu anayeingia chumba cha aliyelala. Ndani, alikwenda moja kwa moja kwenye utepe wa shaba. Aliuvuta kwa kidole. Alichungulia ukingo wa chuma kilichokwanguliwa, akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akakizungusha pembezoni mwa bolti taratibu, chuma kile kitupu kisipate kutu. Kisha akamwonyesha ishara awashe.

Injini iliwaka, ikaendelea na kuyumba kwake. Fundi Cheche aliinamisha sikio. Mama Tochi, akiwa kwenye usukani, hakumwona uso. Aliona mgongo tu, shati lililofifia, na kiwiko kikisogea polepole huku bisibisi ikizungusha skrubu ya kabureta, pale hewa inapochanganyika na mafuta, robo mduara, ikarudi nyuma kidogo, ikasubiri. Mngurumo ulipanda. Ukashuka. Ukatulia. Ukawa sauti moja iliyonyooka, ya chini, aliyoijua miaka thelathini, na ambayo hakuwa ametambua jinsi alivyoikosa mpaka ilipomjaa kifuani.

Boneti ilishushwa kwa viganja viwili, bila kishindo. Fundi Cheche alikuja mpaka dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliyaelekeza kwenye dashibodi.

"Breki hizi zimekaa mwaka mzima," alisema. "Usizidi gia ya pili mpaka nizitazame."

"Sawa, shemeji."

Aliitikia kwa kichwa. Alivua miwani, akaitia mfukoni, akapita kati ya benchi na meza, akainua pembe ya turubai, akatoka barabarani, akawageuzia mgongo, akajifuta macho kwa mkono wa shati.